Pumziko Halisubiri Kazi Iishe

Mheshimiwa mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, mama zangu, dada zangu, nanyi akina baba na kaka mliokubali kuja kusikiliza mazungumzo ambayo mara nyingi huachiwa wanawake peke yao, nawashukuru kwa kunialika.

Naomba nianze kwa kuungama jambo dogo. Waandaaji waliponipigia simu mara ya kwanza, walinipangia siku ambayo kwenye shajara yangu nilikuwa nimeandika neno moja tu: kulala. Nikawajibu kwamba siku hiyo nina shughuli nyingi. Nilipokata simu nilijicheka mwenyewe, maana nimealikwa kuja kuwahimiza wanawake wenzangu wapumzike, na papo hapo naona haya kutamka kwamba nitakuwa nimelala. Ikabidi niwapigie tena na kuwaeleza ukweli, nao kwa uungwana wao wakaihamisha tarehe. Sisemi hayo ili kuwachekesha. Nayasema kwa sababu haya ile niliyoiona ndiyo mada yangu ya leo. Mwanamke akisema amechoka, huharakisha kutaja kazi zote alizozifanya tangu alfajiri, kana kwamba anawasilisha risiti mahali fulani ili aruhusiwe kuketi.

Tunaitwa wapambanaji. Tunaitwa wanawake wa shoka, tunaitwa majembe. Majina hayo ni matamu masikioni, nami nimeyapokea kwa miaka mingi huku nikitabasamu. Lakini hebu tuangalie hutolewa wakati gani. Sijapata kumsikia mtu akiitwa jembe kwa sababu amelala usiku kucha na kuamka mchangamfu. Huitwa jembe anapoonekana amebeba peke yake mzigo uliostahili watu watatu, na sifa hiyo huwa ndiyo malipo yake, kwa kuwa hakuna anayesogea kumpokea hata fungu moja. Na jembe, ndugu zangu, ni chombo. Halina mgongo wa kuuma, na mpini wake ukivunjika hutafutwa mwingine.

Nieleweke vizuri kabla sijaendelea. Sikuja hapa kuisema kazi vibaya, wala sikuja kumhubiria mapumziko mama ambaye asipotoka alfajiri watoto wake watalala njaa. Mama huyo hafuati mtindo. Anatafuta riziki, na kumwambia apunguze mwendo bila kumpunguzia mzigo ni kumdhihaki. Ninayoyapinga ni mafundisho yaliyoenea mitandaoni na maofisini, na hata katika maongezi yetu ya kawaida, kwamba uchovu ni cheti cha ubora; kwamba mwanamke makini ni yule anayeamka saa kumi alfajiri, ana ajira, ana biashara mbili pembeni, nyumba yake inang'aa, na hana siku hata moja aliyoshindwa. Mafundisho hayo huwaumiza wote wawili. Yule mwenye nafasi ya kupumzika hunyimwa ruhusa, na yule asiye na nafasi huambiwa kwamba mateso yake ni ushujaa, kwa hiyo hayahitaji kuondolewa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhasibu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Jioni niliwaandalia hesabu wateja wangu binafsi, na katikati ya kazi hizo mbili nilikuwa nalea watoto wawili. Asubuhi moja niliketi ukingoni mwa kitanda nikavaa kiatu cha kushoto. Cha kulia nilikuwa nimekishika mkononi. Nilijua kabisa kwamba kinatakiwa kuingia mguuni, nilijua muda unakwenda, wala sikuwa nikilia. Nilianza kuhesabu matundu ya kamba zake. Yalikuwa kumi na mawili. Nikayahesabu tena, yakawa kumi na mawili. Binti yangu aliposukuma mlango kuniambia kwamba wamechelewa shule, dakika arobaini zilikuwa zimepita, na mimi nilidhani ni mbili au tatu.

Sehemu inayoniuma zaidi ni iliyofuata. Nilikwenda kazini, kamba za kiatu kimoja zikiwa hazijafungwa, na siku hiyohiyo msimamizi wangu alinisifu mbele ya wenzangu kwa sababu taarifa yangu ya mwezi ilikuwa imetumwa saa nane za usiku. Watu wakapiga makofi, nami nikainuka kidogo kwenye kiti kuyapokea.

Hali ile ina historia, na historia yake ina funzo ambalo ni nadra kutajwa. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyefanya kazi New York, aliandika kuhusu uchovu wa ajabu, unaoitwa kwa Kiingereza "burnout" yaani kuungua hadi kwisha, aliouona kwa watu waliokuwa wakihudumu katika kliniki ya bure, wengi wao wakijitolea, naye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Walianza wakiwa na moyo mkunjufu, na baada ya miezi kadhaa wakawa kama nyumba iliyoungua ndani huku kuta za nje zikibaki zimesimama. Baadaye mwanasaikolojia mwenzake, Christina Maslach, alitafuta namna ya kuupima uchovu huo, na kipimo alichokichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1981 kinatumika hadi leo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwa mambo matatu katika toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi yako au kuichukia, na kupungua kwa uwezo wa kuitenda. Shirika lilisema wazi kwamba hali hii si ugonjwa kwa yenyewe, bali ni tatizo litokanalo na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Niliposoma maelezo hayo nilikumbuka matundu kumi na mawili.

Hata hivyo, yatazameni vizuri maneno hayo. Maelezo ya Shirika yanasema kwamba uchovu huu unahusu mazingira ya ajira tu, na kwamba neno lenyewe, "burnout", lisitumiwe kuelezea maeneo mengine ya maisha. Tatizo lililotambuliwa kwanza kwa watu waliokuwa wakiwahudumia wengine, wengi wao bila kulipwa, leo halimhesabu mwanamke anayemhudumia mgonjwa nyumbani bila malipo usiku na mchana. Sisemi wataalamu walifanya hila. Ainisho lolote lazima liwe na mipaka. Lakini ni nani kila mara hujikuta upande wa pili wa mpaka?

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu kazi za malezi na utunzaji, kulipwa na kutolipwa. Kwa takwimu za nchi 64, ilikadiria kwamba kila siku watu hutumia saa bilioni 16.4 katika kazi za utunzaji zisizolipwa, na kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa hizo. Kwa wastani mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume saa 1 na dakika 23. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, shirika hilo na lile la Afya yalichapisha makadirio ya pamoja yaliyoonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa takriban asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Katika makadirio hayo, wengi wa waliokufa walikuwa wanaume, na ni haki tuwahurumie. Mbio hizi zinawaua na wao. Ila saa zilizohesabiwa ni za ajira, rasmi na isiyo rasmi. Kazi za nyumbani zisizolipwa hazikuingizwa. Mwanamke aliyemaliza saa 40 ofisini, akarudi nyumbani kuanza zamu nyingine ya saa 4 na dakika 25 kila siku, siku saba za wiki, kwenye hesabu ile ni mtu wa saa 40. Zijumlisheni wenyewe. Zinafika 70 na ushei.

Na bado hapo tumehesabu kazi za mikono tu. Kuna kazi nyingine inayofanywa kichwani, ambayo hata anayeifanya haitambui mpaka aulizwe. Nani nyumbani anajua kwamba sabuni imebaki kipande? Nani anakumbuka tarehe ya chanjo ya mtoto, dawa za mzee zinazokwisha wiki ijayo, viatu vya shule vilivyoanza kubana? Mwenzako anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa, "Wewe niambie tu cha kufanya, nitafanya," asitambue kwamba kuona, kukumbuka na kuagiza ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Ndiyo maana mwanamke anaweza kujilaza kitandani saa nzima akainuka akiwa amechoka kuliko alivyokuwa. Mgongo ulilala, lakini kichwa kilikuwa zamu.

Basi nifike kwenye neno nililokuja kulisema. Kazi ya ofisini ina mwisho. Faili hufungwa, mshahara huingia, likizo huandikwa. Kazi ya kuitunza nyumba na watu wake haina mwisho kwa asili yake. Chombo kilichooshwa kitachafuka, mtoto aliyelishwa ataona njaa tena. Kwa hiyo anayesema "nitapumzika nikimaliza" ameapa kutopumzika kamwe, hata kama hajui kwamba ameapa. Tumelelewa tukiamini kwamba pumziko ni zawadi ya aliyemaliza. Kwa mwanamke, imani hiyo ni mtego, na namna pekee niliyoiona ya kutoka ndani yake ni kulitangulizia pumziko nafasi yake, kisha kazi ikapangwa kulizunguka, na kazi isiyotosha ikabaki bila kufanywa au ikafanywa na mtu mwingine.

Najua sentensi hiyo ya mwisho inatisha. Ilinitisha mimi. Lakini fikirini tunachokiita kuokoa muda tunapopunguza usingizi. Wataalamu wanashauri mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Watafiti wamewapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakakuta kwamba wepesi wao wa kuitikia jambo umeshuka hadi kufanana na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kingemzuia kuendesha gari kisheria. Saa 17 ni kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuwa bado uko macho saa nne usiku. Wangapi kati yetu hapa hiyo ndiyo siku yetu ya kawaida? Taarifa yangu ile iliyopigiwa makofi ilikuwa na makosa mawili ya kujumlisha. Niliyagundua baada ya wiki moja, na kuyasahihisha kulinichukua siku mbili.

Sasa kuhusu akili yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona huwapata wanawake kuliko wanaume kwa takriban mara moja na nusu, na kwamba kati ya wanawake waliotoka kujifungua, asilimia 13 hivi hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Uchovu si kitu kimoja na sonona, na si kila sonona huletwa na kazi. Homoni, urithi, ukatili wa nyumbani na umaskini vyote vina mkono wake. Lakini mtu aliyechoka kupita kiasi hukosa nguvu ya kuziona dalili zake mwenyewe, na wanaomzunguka huziita hasira au gubu. Huzuni au kutofurahia chochote kunakodumu kwa wiki 2 au zaidi, usingizi uliopotea au uliozidi, kujiona huna thamani, kushindwa kuamua hata mambo madogo: hayo ni mambo ya kumpelekea daktari, kama unavyompelekea homa isiyoshuka. Na yakifika mawazo ya kutaka kujidhuru, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwa maradhi haya kilio huja ghafla, watu wakabaki wanaulizana mbona jana alikuwa anacheka.

Mimi nilipokwenda hatimaye kwa mshauri nasaha, aliniuliza swali moja ambalo nilishindwa kulijibu: mara ya mwisho kufanya jambo lisilo na faida kwa yeyote ilikuwa lini? Nilikaa kimya muda mrefu, kisha nikaanza kumweleza kuhusu bustani niliyoipanda ili kupunguza matumizi ya nyumbani. Akaniacha nizungumze mpaka nikajisikia mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba anayepumzika hushindwa na wenzake. Mwaka 2021, kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwanasarakasi Simone Biles wa Marekani alijitoa katikati ya fainali ya timu. Alikuwa amepoteza hisia ya mahali ulipo mwili wake anapokuwa hewani, na katika mchezo ule kosa la namna hiyo linaweza kumvunja mtu shingo. Alitukanwa sana, aliitwa mwoga na msaliti. Mwaka 2024 alirudi mjini Paris akachukua medali tatu za dhahabu. Lakini nakiri kwamba mfano huu naupenda nusu nusu, kwa kuwa unaweza kutufanya tuamini kwamba pumziko ni halali likileta medali tu. Uamuzi wake ungekuwa sahihi vilevile hata kama asingeruka tena maishani.

Mfano ninaoupenda kwa ukamilifu ni wa Iceland. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake wa nchi hiyo waliacha kazi zote kwa siku moja: za ofisini, za viwandani, za jikoni na za malezi. Waandaaji hawakuuita mgomo. Waliuita siku ya mapumziko ya wanawake, ili wengi zaidi waweze kujiunga bila hofu. Shule na vituo vingi vya kulelea watoto vilifungwa, na akina baba wakalazimika kwenda na watoto kazini. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria ya usawa wa kijinsia, na mwaka 1980 wananchi wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kushinda urais kwa kura. Siku moja haikuleta yote hayo peke yake. Lakini kazi iliyokuwa haionekani ilionekana pale tu ilipoacha kufanywa, na ilionekana kwa sababu waliiacha kwa pamoja. Mmoja angeketi peke yake siku hiyo, angeitwa mvivu.

Hilo linanileta kwenye yale tunayoweza kuyafanya, na sitayarefusha. Kwa wiki moja, andikeni saa zenu zote, pamoja na zile za kichwani, kisha wekeni karatasi hiyo mezani mbele ya mnaoishi nao, bila kulaumu. Chagueni kazi moja muitoe nzima, yaani kuiona, kuikumbuka na kuifanya, msibaki nayo kama wasimamizi. Itafanywa vibaya mwanzoni. Mume wangu alipopokea jukumu la nguo za watoto, mwanangu alikwenda shule siku mbili na soksi zisizofanana, na ilinigharimu nguvu nyingi zaidi kunyamaza kuliko ambavyo ingenigharimu kuzitafuta mwenyewe. Siku ya tatu alizitafuta mtoto. Wala msidanganywe na biashara ya kujipenda, yenye mishumaa na mafuta ya manukato. Sina ugomvi na mafuta, ila hakuna mafuta yanayopunguza saa 70 kuwa 50.

Nanyi mnaoajiri, na nimeona mko wengi, nawaomba jambo moja tu. Ujumbe wa kazi ukiwafikia saa nane usiku, msiusifu. Ulizeni umekujaje saa ile. Ufaransa imeliweka jambo hili katika sheria tangu Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Wala wazo lenyewe si geni: ibara ya 24 ya Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja haki ya kila mtu ya kupumzika na kuwa na wakati wa kustarehe, pamoja na kikomo cha saa za kazi. Imeandikwa kila mtu. Haikuandikwa kila aliyemaliza.

Mwenyekiti ameniomba nibaki kwa ajili ya maswali, nami nitayapokea kwa furaha hadi saa kumi kamili. Baada ya hapo wapo watakaopenda tuendelee nje, na mmoja wenu ameshanidokeza kuhusu kikao kingine jioni. Nashukuru sana, lakini sitaweza kufika. Nakwenda nyumbani kulala.